Karatasi Chini ya Kitako cha Bunduki

Msomaji, habari za kale hazikai vitabuni tu. Kitu cha zamani nacho husema, ikiwa mwenye kukishika ana subira ya kukisikiliza. Leo nataka tusikilize kitu ambacho wengi hudhani hakina neno ila mlio: bunduki ya zamani ya jeshi la Uswisi.

Wako watu katika Ulaya na Marekani wazikusanyao bunduki hizi na kulengea shabaha. Mmoja wao akiinunua, mara nyingi kazi yake ya kwanza si kupiga risasi. Huchukua bisibisi, akafungua skrubu za bamba la chuma lililo mwisho wa kitako, akachungulia. Pengine haoni kitu ila vumbi. Pengine huona kipande cha karatasi, nacho kimeandikwa jina la askari, kikosi chake na mahali alipokaa. Je, karatasi hiyo ilifikaje pale? Jibu lake ni sehemu kubwa ya historia ya Uswisi.

Uswisi ni nchi ndogo ya milima, nayo imezungukwa na mataifa makubwa kuliko yenyewe. Mnamo Novemba 1847 Waswisi walipigana wenyewe kwa wenyewe. Vita havikutimiza mwezi, na waliokufa walikuwa kama 100. Mwaka uliofuata wakaandika katiba ya shirikisho. Hawakutaka jeshi kubwa la kukaa kambini siku zote. Walitaka kila mwanamume mwenye afya awe raia wakati wa amani na askari wakati wa hatari. Kisha katiba ya mwaka 1874 ikaagiza kwamba silaha ya askari ikae mikononi mwake mwenyewe. Basi mkulima, seremala na mwalimu, walipomaliza mafunzo, walirudi makwao na bunduki zao, na sheria ikawataka waendelee kujizoeza kulenga shabaha. Bunduki ilikuwa na mwenyewe, kama jembe lilivyo na mwenyewe. Kwa hiyo haikuwa ajabu kuwa na jina ndani yake.

Bunduki zenyewe zilibadilika kwa muda. Ile ya mwaka 1869, iliyotungwa na Friedrich Vetterli, ilipanga risasi zake katika bomba chini ya mtutu. Mwaka 1889 ikaja nyingine, kazi ya watu wawili. Eduard Rubin alitengeneza risasi nyembamba ya milimita 7.5, na Rudolf Schmidt akatunga komeo jipya. Katika bunduki nyingi za wakati ule askari aliinua mpini wa komeo, akauvuta, akausukuma, kisha akaulaza: vitendo vinne. Katika bunduki ya Schmidt alivuta na kusukuma tu. Mwaka 1931 ikafuata bunduki fupi zaidi yenye komeo la namna hiyo hiyo lililotengenezwa upya, nayo ikasifiwa kwa kulenga sawasawa katika masafa ya mita 300. Zaidi ya 500,000 zilitengenezwa mjini Bern kabla kazi hiyo haijakoma mwaka 1958.

Mnamo Septemba 1939, vita vilipozuka Ulaya, Uswisi iliita askari wapatao 430,000. Tarehe 25 Julai 1940, Ufaransa ikiwa imekwisha kushindwa, Jenerali Henri Guisan aliwakusanya makamanda wake katika uwanda wa Rütli, akawaeleza kwamba nchi italindwa kutoka milimani. Majeshi ya Ujerumani hayakuivamia nchi ile. Waswisi wengi waliokesha mipakani walirudi makwao bila kumpiga mtu risasi.

Mpenda sifa angekoma hapa, aseme kwamba bunduki hizi ni safi, hazina damu. La, msomaji, usikubali. Tarehe 9 Novemba 1932, katika mji wa Geneva, askari kuruta wa Uswisi waliamriwa kuwapiga risasi waandamanaji, na watu 13 wakafa. Waliokufa hawakuwa maadui kutoka ng'ambo ya mpaka. Silaha iliyowekwa kumngojea mgeni ilimwua mwenyeji. Na katika siku za karibu Waswisi wenyewe wamebishana juu ya silaha za nyumbani, kwa kuwa nyingine zimetumiwa na watu kujiua au kuwaua jamaa zao. Tarehe 13 Februari 2011 walipiga kura kama sheria ikazwe, na asilimia 56.3 wakakataa.

Askari alipomaliza utumishi wake aliweza kubaki na bunduki yake, nayo ikagongwa herufi P kuonyesha kwamba sasa ni mali ya mtu binafsi. Nyingine ziliuzwa nchi za nje, na ndivyo karatasi zile zilivyovuka bahari. Baadhi ya wakusanyaji wamewaandikia barua watu walioyaona majina yao, na wako waliojibiwa na askari mwenyewe au na watoto wake.

Yako mafunzo mengine katika kitako hicho. Mara nyingi mti wake wa chini umechubuka na kuwa mweusi. Wengine husema askari waliupiga kwa viatu ili kuondoa theluji. Wengine husema ni kwa kusimamishwa katika ardhi yenye maji. Angalia tofauti: karatasi ni ushahidi, bali maneno hayo juu ya michubuko ni dhana, hata yapatiwe ushahidi wake. Mwanafunzi wa historia hana budi kuvitenga viwili hivi, hata dhana ikiwa tamu namna gani.

Basi ukikutana na kitu cha kale, usikishangilie wala usikidharau. Kiulize: nani alikuwa na wewe, kwa amri ya nani, na ni nani aliyeumia? Mwenye kuuliza swali la kwanza peke yake atapata hadithi ya kupendeza. Mwenye kuuliza yote matatu ndiye atakayepata historia.