Kuwasha na Kuamsha: Linux katika Kompyuta Kongwe za Sun na Funzo Lake kwa Istilahi

Istilahi haizaliwi kamusini. Huzaliwa pale kitu kinapotumika, kinapoharibika na kinapotengenezwa, kwani hapo ndipo watu hulazimika kuitaja kila sehemu kwa jina lake. Katika makala haya tutaitazama historia fupi ya kompyuta za SPARCstation, zilizoundwa na kampuni ya Sun Microsystems, na jinsi mfumo wa Linux ulivyopata makao ndani yake. Kisha tutajaribu kuonyesha kuwa matatizo yaliyowapata mafundi wa mashine hizo yanamhusu pia mfasiri wa Kiswahili.

1. Mashine na jina lake

Kampuni ya Sun iliasisiwa California, Marekani, mwaka 1982. Mwaka 1987 ilianza kuuza mashine zenye prosesa ya SPARC, na mwaka 1989 ikatoa SPARCstation 1, iliyokuwa bapa kama sanduku la piza. Mashine hizi zilikusudiwa wahandisi, wasanifu na wanasayansi. Zilitumia mfumo wa Unix, zilikuwa tayari kuungwa katika mtandao, na bei yake ilizidi ile ya kompyuta za kawaida za ofisini.

Kwa Kiingereza aina hii ya mashine ina jina ambalo, likifasiriwa kipande kwa kipande, hutoa "kituo cha kazi". Tafsiri hiyo ina kasoro. Katika lugha ya utumishi wa serikali, kituo cha kazi ni mahali alipopangiwa mtumishi, kama vile shule, zahanati au ofisi ya wilaya. Tuchukue waraka unaosema, "Vituo vya kazi 10 vitafungwa mwezi ujao." Je, ni kompyuta 10 zitakazowekwa mezani, au ni shule 10 zitakazokoma kufundisha? Msomaji hana njia ya kujua. Kwa sababu hiyo tunapendekeza "kompyuta ya kitaalamu", jina linaloeleza matumizi ya chombo wala haliingilii neno lenye kazi nyingine.

2. Linux yahamia SPARC

Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kazi yake mwezi Agosti 1991. Kiini cha mfumo wake kiliandikwa kwa ajili ya prosesa ya 386 ya kampuni ya Intel, na mwanzoni hakukuwa na nia ya kukihamishia kwenye mashine za namna nyingine. Hata hivyo, programu ile ilikuwa huria. Kila aliyetaka aliweza kuisoma na kuirekebisha. David S. Miller, akiwa Chuo Kikuu cha Rutgers, alishika uongozi wa kazi ya kuihamishia SPARC. Kufikia toleo la 2.0 la mwaka 1996, kiini cha Linux kilikuwa kimekwisha kuhamishiwa kwenye prosesa kadhaa, SPARC ikiwamo. Mwaka 1999 mkusanyo wa Debian 2.1 nao ukatolewa kwa ajili ya SPARC.

Wakati huo SPARCstation za kwanza zilikuwa zimechakaa machoni pa wenyewe, zikiuzwa kwa bei ya chini au kutupwa. Linux ikazipa maisha ya pili. Lakini kuiweka Linux humo hakukuwa kazi nyepesi, na hapa ndipo suala letu la lugha linapoanza.

3. Mashine iliyowashwa isiamke

SPARCstation ikipata umeme, hutangulia kufanya kazi programu ya kudumu iliyomo katika chipu. Programu hiyo hujipima, hutafuta kiini cha mfumo, kisha hukikabidhi mashine. Isipokipata, au fundi akiikatiza kwa makusudi, huandika neno "ok" na kungoja amri. Yafaa tutaje matatizo manne yaliyojulikana sana.

Kwanza, mashine isiyoungwa kibodi hupeleka maandishi yake yote kwenye tundu la mawasiliano, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kioo hubaki kitupu, na fundi asiyejua hudhani mashine imekufa, kumbe inazungumza kwa mlango mwingine.

Pili, saa, mipangilio na anwani ya mashine katika mtandao vilihifadhiwa katika chipu yenye betri ndani yake. Betri ikiisha baada ya miaka, anwani hupotea, na mashine hulalamika kuwa kitambulisho chake si halali. Fundi aweza kuiandika upya anwani kwa amri, lakini umeme ukizimwa itapotea tena, mpaka chipu ibadilishwe au iungwe betri mpya.

Tatu, programu ya kudumu ilitarajia diski ya kwanza iwe na namba 3 na kisoma-sidii kiwe na namba 6. Isitoshe, visoma-sidii vingi vya kompyuta za kawaida vilikataa, kwa kuwa Sun ilisoma vipande vya baiti 512 badala ya 2048.

Nne, fundi aliyetaka kuleta kiini kwa njia ya mtandao alipaswa kulipa faili jina linalotokana na anwani ya mashine, iliyoandikwa kwa tarakimu za msingi wa 16. Anwani 192.168.1.3 ilikuwa C0A80103, na katika mashine za kundi la sun4m jina hilo lilifuatwa na .SUN4M. Herufi ndogo zilipotumika mahali pa herufi kubwa, faili halikupatikana.

4. Vitenzi viwili

Katika matatizo yote manne, umeme umefika na taa inawaka. Kilichokosekana au kisichoonekana ni kazi ya baadaye. Lakini miongozo mingi ya Kiswahili hutumia "kuwasha" kwa hatua zote mbili. Fundi akiandika katika taarifa yake kwamba "mashine haiwaki", mhasibu atanunua kifaa kipya cha kupokelea umeme, ilhali kilichohitajika ni betri ndogo au jina sahihi la faili. Neno moja lisilo na mpaka laweza kuigharimu ofisi fedha.

Kiingereza chenyewe kilipata kitenzi chake katika picha ya mtu anayejiinua kwa kuvuta vitanzi vya viatu vyake. Wapo wanaosema "kubuti", na neno la mkopo si dhambi. Lakini Kiswahili kina "kuamsha", nalo huzaa ukoo mzima kwa kanuni zake lenyewe: mashine huamka, huamshwa au hujiamsha, programu ndogo inayokileta kiini, kama SILO ya SPARC, yaweza kuitwa kiamshi. Kwa hiyo fundi ataandika, "Mashine imewashwa lakini haijaamka," na kila msomaji ataelewa tatizo liko wapi.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, kwa jina la Jambo OpenOffice. Ilikuwa hatua kubwa, nayo ilihusu hasa maneno anayoyaona mtumiaji kiooni. Maneno ya fundi, anayehangaika kabla kioo hakijaonyesha kitu, yanahitaji uangalifu uo huo.

Sun ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Debian 4.0 ya mwaka 2007 ilikuwa ya mwisho kuzihudumia SPARC za biti 32, na toleo la 8 la mwaka 2015 likaiacha kabisa SPARC. Mashine hizo zimepita, lakini simu na kompyuta za leo nazo huwashwa kwanza, kisha huamshwa. Mwalimu anayefundisha hatua hizo, na mfasiri anayeandika mwongozo wake, hawana budi kuzitenga kwa maneno mawili.