Wahamiaji kutoka Nyeri wahitaji wiki mbili kuzoea joto la Pwani

Mwalimu au askari anayehamishwa kutoka Nyeri au Nanyuki hadi Mombasa au Garissa huwaza kwanza nyumba na shule ya watoto. Joto hulikumbuka akishafika.

Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai makoti huvaliwa hata mchana. Mombasa, kati ya Januari na Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30 za selisiasi, na usiku nao haupoi sana.

Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kujizoesha. Katika muda huo majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, na chumvi inayopotea hupungua. Anayejifungia siku nzima penye hewa ya mashine hazoei. Afadhali afanye kazi kidogo kidogo asubuhi na jioni, akiongeza kila siku.

Joto la Garissa ni kavu, hivyo jasho hukauka kabla mtu hajatambua kwamba ameishiwa na maji. La Mombasa lina unyevu: jasho hutiririka bila kukauka, na mwili haupoi.

Anayechanganyikiwa au kuzirai kwa joto atiwe kivulini, amwagiwe maji, apelekwe hospitalini mara moja. Homa nayo isisingiziwe jua. Nyeri malaria ni nadra, lakini Pwani ipo, na mgeni kutoka milimani hana kinga. Apimwe siku hiyo hiyo.