Marudio na Topesumu: Majina Mawili ya Masalio ya Dhahabu na Historia ya Mgogoro Wake

Kwa muda mrefu sasa pamekuwapo mabishano makali, katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, baina ya wachimbaji wa dhahabu wasio na mtaji na watetezi wa mazingira. Aghalabu mabishano hayo huelezwa kana kwamba ni ugomvi wa ujinga na elimu: upande mmoja yupo mtu mwenye sururu asiyejua kuwa zebaki ni sumu, na upande wa pili yupo mtaalamu aliyekuja kumwonya. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Sehemu kubwa ya kinachogombaniwa ni uchafu wa zamani, ulioachwa na watu ambao hawapo tena uwanjani; na Kiswahili chenyewe kimekwisha kuuhifadhi ugomvi huo katika majina mawili ya kitu kimoja.

Kitu chenyewe ni tope linalobaki baada ya mawe ya dhahabu kupondwa, kusagwa na kuoshwa. Wachimbaji wadogo, hasa wa Tanzania, huliita marudio. Neno hilo limenyambuliwa kutokana na rudia, na maana yake ni wazi: hiki ni kitu ambacho mtu atakirudia, kwa kuwa mkono wa kwanza haukuimaliza dhahabu yote. Maafisa, makampuni na magazeti, kwa upande wao, wana neno topesumu, ambatani la nomino mbili zilizounganishwa bila kiunganishi chochote, kama kwamba tope na sumu havitenganiki. Neno hili lilivuma mno mwezi wa Novemba 2022, ukingo wa bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui ulipobomoka na tope likafunika mashamba. Yafaa kutaja hapa kwamba uchambuaji wa almasi hauhitaji zebaki wala sianidi; jina lilitangulia, na vipimo vya maabara vikafuata nyuma. Kwa hiyo jina la kwanza lafanya lundo kuwa mali, la pili lafanya kuwa hatari. Hakuna kati ya majina haya linalomtaja aliyelilundika.

Hebu tulitazame jambo hili kutoka Kocholia. Mtu akiwa Kocholia, katika nchi ya Wateso, hayuko mbali na Malaba, na ng'ambo ya Malaba ni Uganda. Mpaka huo ni mchanga: hadi mwaka 1902 sehemu hizi zote zilikuwa chini ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na Wateso na Wasamia wamebaki pande zote mbili hata leo. Mwamba nao haukugawanyika. Ukanda wa miamba ya kale yenye dhahabu unaopita Migori na Kakamega unaonekana tena katika Busia ya Uganda, ambako dhahabu ilianza kushughulikiwa na wakoloni katika miaka ya 1930, na ambako, katika sehemu kama Tiira, wachimbaji wadogo wamekuwa wakichimba karibu na machimbo hayo ya zamani. Kuhusu maji, nchi hii ndogo ina tabia ya pekee. Mto Sio huteremka hadi Ziwa Victoria, ilhali mto Malaba huelekea magharibi mpaka maji yake yafike Ziwa Kyoga. Tope likivurugwa katika vijito vya hapa laweza kufika katika maziwa mawili.

Chanzo cha mambo, kwa upande wa Kenya, ni Kakamega. Dhahabu ilipogunduliwa huko mwaka 1931, walowezi waliokuwa wamefilisika kwa sababu ya kuanguka kwa bei za mazao walimiminika wakiwa na nyundo na karai. Ardhi ile ilikuwa hifadhi ya Waafrika, na sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba kipande chochote kitakachotwaliwa kitafidiwa kwa ardhi nyingine. Ahadi hiyo haikutimiza hata miaka mitatu. Mwezi wa Desemba 1932 Baraza la Kutunga Sheria lilibadili kifungu hicho, ili ardhi yenye madini iweze kutolewa katika hifadhi na wenyewe kulipwa fedha tu. Jambo hili lilizusha mjadala mkubwa hata katika Bunge la Uingereza, lakini mjadala ulihusu ardhi na fidia. Hakuna kifungu kilichomdai mchimbaji alisafishe tope atakaloliacha. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Ule wa Macalder, katika Migori, uliotoa shaba pamoja na dhahabu, ulifungwa mwaka 1966. Wenye migodi waliondoka, malundo yakabaki.

Katika malundo hayo mna sumu za namna mbili, na kutozitofautisha ndiko kunakoyapotosha mazungumzo mengi. Ya kwanza ni ile iliyoletwa na mtu, yaani zebaki, inayotumiwa kuinasa dhahabu, na sianidi. Ya pili ilikuwamo ndani ya jiwe tangu asili: risasi na aseniki, ambazo zikiwa zimefungwa ardhini hazimdhuru mtu, ila jiwe likisagwa na kuachwa kwenye mvua na hewa hulegea na kufuata maji. Ogola, Mitullah na Omulo, katika utafiti wao wa ukanda wa Migori uliochapishwa mwaka 2002, walizikuta risasi, aseniki na zebaki kwa viwango vya kutisha katika makapi na katika mashapo ya vijito. Mwanamke anayeosha marudio ya Macalder kwa mikono mitupu basi anaugusa uchafu wa kampuni iliyokwisha kufa, uchafu wa jiwe lenyewe, na zebaki aliyoitia yeye asubuhi ile. Nani atazitenga sehemu hizo tatu ndani ya karai moja?

Mchimbaji ana jibu lake, nalo si la kupuuzwa. Husema: sumu hii sikuileta mimi, nami kwa kulirudia lundo ninaipunguza. Hoja kama hiyo ilitolewa pia California, Marekani, ambako zebaki ya wachimbaji wa karne ya 19 bado imelala chini ya mito. Wachimbaji wadogo wa huko, wanaofyonza mchanga wa mtoni kwa mashine, walidai kuwa wao ndio wanaoitoa zebaki hiyo bila kulipwa. Watetezi wa mazingira wakajibu kwamba mashine huokota matone makubwa na kuyatawanya yale madogo, ambayo ndiyo hugeuzwa na vijidudu vya matopeni kuwa sumu ya kuingia katika samaki. Mwaka 2009 jimbo hilo lilisimamisha kazi hiyo. Kwa upande wa kemia, sina budi kukubali kwamba watetezi wa mazingira walikuwa na haki. Hata hivyo tofauti iko palepale: kwa wengi wa California dhahabu ilikuwa kazi ya mapumziko, ilhali kwa mtu wa Migori au Tiira ni unga wa jioni.

Tena, huku kwetu mwosha tope si mwisho wa safari. Marudio yake hununuliwa na mwenye mtaji, akayatia katika matangi ya sianidi ili apate dhahabu iliyomshinda mwenye karai, ambayo mara nyingi ndiyo nyingi zaidi. Zebaki iliyomo huyeyuka pamoja na sianidi na kusafiri kwa wepesi kuliko awali. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umelitaja tendo hilo miongoni mwa manne yanayopasa kukomeshwa katika uchimbaji mdogo. Mengine ni kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa, kuichoma waziwazi, na kuichoma penye makazi. Lakini mikutano ya maonyo, kwa kadiri nionavyo, humwita mwenye karai mara nyingi kuliko mwenye tangi.

Sheria zimechangia hali hii. Ile ya Kenya ya mwaka 1940 iliyaweka madini yote mikononi mwa serikali na haikumjua mchimbaji wa mikono ila kama mvunja sheria. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilileta kanuni ya kwamba mchafuzi alipe, kanuni njema kabisa, isipokuwa kwamba mchafuzi wa mwaka 1940 hayupo wa kulipa, na anayekutwa juu ya lundo ni huyu wa leo. Mwaka 2016 ndipo sheria mpya ya madini ilipomtambua mchimbaji wa mikono na kumwandalia kibali kupitia kamati za kaunti. Sheria hiyo humtenga na mchimbaji wa kiwango kidogo. Kiswahili chetu huwaita wote wawili wachimbaji wadogo, na udogo uliokuwa wa mgodi ukawa umehamia kwa mtu.

Mpakani mambo huzidi kutatanika. Uganda iliuridhia mkataba wa Minamata mwaka 2019, Kenya mwaka 2023. Kwa miaka minne ukingo mmoja wa mto Malaba ulikuwa chini ya mkataba na mwingine haukuwa. Zebaki nayo ni nzito lakini ni bidhaa ya kichupa, haihitaji lori wala foleni ya forodha ya Malaba au Busia, na Kenya imetajwa kuwa mojawapo ya njia zinazoifikisha kwa wachimbaji wa Uganda. Kichupa hicho huvuka kuelekea magharibi, dhahabu hutafuta bei popote ilipo nzuri, na tope hubaki lilipo mpaka mvua za masika zije ziichukue sehemu yake kuipeleka Kyoga.