Ada ya Kulipa Huibeba Nani?

Neno "pesa" tulitumialo kutoka Palma hadi Ibo lilikuja na majahazi ya Bara Hindi. Lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba, na 64 kati yake zilifanya rupia moja. Katika pwani hii rupia ilikutana na reale ya Maria Theresa. Mwaka 1889 Wareno walizipiga fedha hizo za kigeni muhuri wa taji na herufi PM ili zihalalike nchini Msumbiji. Mfanyabiashara aliyepokea sarafu ngeni alijua kuwa kuibadilisha kuna gharama, na gharama hiyo aliitafutia mtu wa kuibeba.

Huyakumbuka hayo niionapo mashine ya kadi dukani. Mteja alipapo kwa kadi, benki humkata mwenye duka sehemu ya bei. Kwa miaka mingi kampuni za kadi zilimfunga kwa mkataba asimwongezee mteja chochote. Uingereza ilimfungua mwaka 1991, Australia mwaka 2003. Kisha, tarehe 13 Januari 2018, Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwa bado mwanachama, ukaipiga marufuku nyongeza hiyo kwa kadi nyingi za wanunuzi wa kawaida.

Sheria hiyo humlinda mnunuzi, lakini mnunuzi yupi? Tazama Palma, ambako gesi ya Afungi imeleta wageni wenye kadi. Tuseme mgeni na mvuvi wananunua mchele kwa bei moja, na mwenye duka ameshaichanganya ada ya kadi katika bei ya wote. Mvuvi aliyetoa noti zinazonuka samaki amemchangia mgeni, wala risiti haitamwonyesha.

Hata hivyo, nyongeza isiyo na kikomo nayo ni mlango wa dhuluma (nani asiyemjua muuzaji atajaye bei ya pili mteja akishafungua pochi?). Australia iliweka kikomo mwaka 2016: nyongeza isizidi gharama halisi ya mwenye duka. Kwangu mimi hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na haki, kwa sharti kwamba itajwe kabla ya kulipa, tena kwa lugha aijuayo mnunuzi. Bango la Kireno peke yake, hata likiwa na herufi kubwa namna gani, halimwambii lolote mama wa Kimwani aliyekuja kununua sukari.