Sonona, kutoka Gethsemane hadi Nyarugusu

Ukiwa Nyarugusu au Rwamagasa, kwenye machimbo ya Geita, ni nadra kusikia mtu akisema fulani ana sonona. Utasikia "ana mawazo". Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, amekopa hela ya dizeli, ya karasha ya kusagia mawe na ya chakula cha vijana wake, kisha miezi inapita mwamba hautoi kitu. Anaanza kujitenga. Ugali haupandi, saa nane za usiku yuko macho, na hata siku mawe mazuri yanapopatikana uso wake haukunjuki. Majirani wanasema ana mawazo. Ukoo unanong'ona kwamba ametupiwa kitu. Kwenye mkesha wa kanisani anawekewa mikono ili roho ya mauti imtoke.

Madaktari wetu hali hiyo wanaiita sonona, neno la ukoo mmoja na kitenzi sononeka, yaani kuumia ndani kwa ndani. Yapo maneno mengine, unyogovu na mfadhaiko, lakini mimi nachagua sonona kwa sababu bibi yeyote wa Kahama anajua kusononeka ni nini bila kufungua kamusi. Kinachosumbua ni jirani yake, msongo wa mawazo, ambao magazeti huuchanganya na sonona kila wiki. Msongo ni mzigo unaotoka nje: deni, kesi, ada ya shule. Deni likilipwa, mtu anapumua. Sonona inaweza kubaki hata baada ya deni kwisha. Daktari huangalia kama huzuni, au kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu, vimedumu walau wiki mbili karibu kila siku, pamoja na usingizi kuharibika, nguvu kuisha, kujilaumu kupita kiasi na kuwaza kifo.

Muumini anayeambiwa kwamba hali hii ni upungufu wa imani afungue Mathayo 26:37. Wafasiri wa Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, walipofika bustani ya Gethsemane walimwandikia Yesu kitenzi hichohicho, kusononeka. Kwenye Marko 14:33 wakaweka kufadhaika na kuhangaika. Sisemi Yesu aliugua sonona. Usiku mmoja si wiki mbili, tena alikuwa na sababu ya wazi kabisa. Nasema tu kwamba anayehubiri kuwa moyo ukiinama mtu ametenda dhambi ana aya ya kutueleza.

Halafu yuko Eliya. Wahubiri wengi wanampenda wa 1 Wafalme 18, moto ukishuka Karmeli, na mahubiri yanakwisha hapo. Sura inayofuata nabii huyohuyo anamkimbia Yezebeli, anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anatembea jangwani mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika hamkemei wala hamtoi pepo. Anamgusa, anamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena. Anaamshwa mara ya pili, anakula tena. Swali la anafanya nini huko linakuja Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini. Mwili ulihudumiwa kwanza, na sioni kwa nini mkesha wa kufunga uwe dawa ya kwanza kwa mtu ambaye tayari hali wala halali.

Katika ukanda huu wa dhahabu mwili una jambo jingine la kusema. Kwenye mialo, yaani sehemu za kuoshea dhahabu, mchanga uliosagwa huchanganywa na zebaki kwa mikono mitupu ndani ya karai. Zebaki ikishikana na dhahabu, donge linakamuliwa kwenye kitambaa, linawekwa juu ya mkaa na kuchomwa hadharani, mara nyingine nyuma ya nyumba, watoto wakiwa karibu. Mvuke wake hauonekani. Anayeuvuta kwa miaka anaweza kutetemeka mikono, kukosa usingizi, kuwa mkali bila sababu, kuona haya mbele za watu na kuingiwa na huzuni. Ukimtazama kwa macho ya madhabahuni utasema pepo. Hata daktari asipouliza kazi ya mgonjwa anaweza kuandika sonona akaishia hapo. Kwa hiyo swali la kumuuliza mchimbaji, kabla ya mengine yote, ni kama anachoma zebaki.

Wasiwasi ni neno gumu zaidi. Limetoka Kiarabu, ambako ni mnong'ono, na katika Kurani ni mnong'ono wa Shetani, kwa hiyo lilifika kwetu likiwa na harufu ya kishetani. Katika 1 Petro 5:7 wafasiri waliweka fadhaa, mzigo wa kumtwika Mungu. Wataalamu wa leo wanasema wasiwasi uliopitiliza, na hilo neno la pili ndilo lenye kazi. Oktoba 2015 mgodi uliporomoka Nyangalata, Kahama. Watano walitolewa hai baada ya siku 41, mwenzao mmoja akiwa amefia chini. Mchimbaji anayekumbuka hayo akasita kushuka mpaka matimba, yaani magogo ya kuzuia mwamba, yakaguliwe ana akili timamu. Aliyeacha uchimbaji, anauza vitenge Shinyanga mjini, lakini moyo unamwenda mbio na kifua kinambana kila lori linapopita, na hali hiyo haimwachi mwezi baada ya mwezi, huyo wasiwasi umempitiliza.

Mtu wa namna hiyo anatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili, na akiombewa huku anatibiwa hakuna kinachogongana. Bugando, hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza, ni mali ya Kanisa Katoliki na ina idara ya magonjwa ya akili. Padri wa Geita akimwandikia muumini wake barua ya kwenda huko, anampeleka kwenye nyumba nyingine ya kanisa lilelile.