Mcheza Kwao Hutunzwa: Kiingilio, Duara na Jukwaa katika Ngoma za Ugogo

Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Shuleni methali hii hufundishwa kama funzo la kupenda nyumbani, na hilo si kosa. Lakini ndani yake mna habari nyingine ambayo mwanafunzi wa historia ya sanaa za maonyesho hana budi kuitazama. Methali haisemi kwamba mcheza kwao hulipwa, yasema hutunzwa. Kulipwa na kutunzwa ni mambo mawili. Kiingilio hutolewa mlangoni kabla mtu hajaona kitu. Tuzo hutolewa uwanjani baada ya mtu kuona na kuguswa. Kiingilio huamua nani aingie na nani abaki nje. Tuzo hutolewa na mtu aliyekwisha kuwamo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ngoma za Wagogo wa Dodoma zilivyotoka katika desturi ya tuzo zikaingia katika desturi ya kiingilio, na jinsi badiliko hilo lilivyobadili pia mahali pa mtazamaji na, mwishowe, ngoma yenyewe.

Ngoma na mavuno

Ugogo ni nchi ya nyanda kavu katikati ya Tanzania. Mvua yake ina msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingi haitoshi. Wenyeji wameishi kwa kulima mtama na uwele na kwa kufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Historia yao ina njaa nyingi ambazo wazee wamezipa majina. Inayokumbukwa kuliko zote ni ile iliyoitwa Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Ilitokana na Vita Kuu ya Kwanza, wakati majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza, kila moja kwa zamu yake, yalipochukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na baada yake mvua zikakosekana.

Yafaa kulikumbuka jambo hili tunapozungumza juu ya bei ya ngoma. Kuna watu wasemao kwamba zamani ngoma ilikuwa bure. Hiyo si kweli. Ngoma kubwa zilichezwa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, maana hapo ndipo nafaka ilipokuwa ghalani na mikono ilipokuwa haina jembe. Sherehe za jando na za kuwatoa wasichana zilihitaji pombe, chakula, na pengine mnyama wa kuchinjwa. Gharama hiyo ilikuwa kubwa, na ilibebwa na kaya iliyokuwa na shughuli pamoja na jamaa na majirani waliochangia nafaka na kazi. Mwaka wa njaa sherehe ziliahirishwa. Kwa hiyo ngoma ilikuwa na bei, tena bei nzito, lakini haikudaiwa mlangoni kwa mtu mmoja mmoja. Ililipwa na jamii nzima kwa jasho la shambani, na aliyekuja kutazama alikuwa amekwisha kuilipa au angeilipa mwakani, zamu ya nyumbani kwake itakapofika.

Duara na mahali pa kutazamia

Wagogo wana ngoma za aina nyingi. Iko msunyunho, ambayo waimbaji wake, wake kwa waume, hupandanisha sauti kadhaa kwa ufundi uliowashangaza wataalamu wengi wa muziki. Iko muheme, ambayo ngoma zake hupigwa na wanawake, kila mmoja ameibana ngoma yake kati ya mapaja. Na asili ya muheme ni katika mafunzo na sherehe za wasichana. Iko pia michezo ya zeze na ya ilimba, ambayo mpigaji huimba habari za mji, sifa, maonyo na kejeli.

Ngoma hizi zilichezwa uwanjani, na watazamaji walizunguka. Hapana kiti kilichokuwa cha mbele na hapana kilichokuwa cha nyuma. Ni kweli kwamba katika duara hakuna mtu aonaye kila kitu. Aliye upande wa mashariki huona nyuso za wachezaji wa magharibi na migongo ya wale walio karibu naye. Lakini wachezaji hugeuka, hutembea, husogea. Na mtazamaji naye ana miguu, aweza kuhama, kuinama, kumpandisha mtoto begani, au kuingia mchezoni kwa wakati wake. Katika duara kila mtu huona sehemu, na kila mtu hupata zamu ya kuona uso.

Hata hivyo tusiusifu ukale kupita kiasi. Duara nalo lilikuwa na mlango wake. Baadhi ya mambo ya jandoni na ya mafunzo ya wasichana yalifichwa kabisa. Mwanamume hakuruhusiwa kuona yaliyokuwa ya wanawake, na asiyetahiriwa hakuruhusiwa kuona yaliyokuwa ya waliotahiriwa. Mlango huo haukufunguliwa kwa fedha bali kwa umri, jinsia na kupitia mafunzo. Kwa hiyo swali la historia si kama watu walizuiwa au hawakuzuiwa. Swali ni kitu gani kilichowazuia, na kwa faida ya nani.

Peni tatu za London

Desturi ya kulipa mlangoni na kugawa watazamaji kwa bei haikuzaliwa Afrika Mashariki, na inafaa kuitazama huko ilikokomaa. Mwaka 1963 ulichapishwa kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare uhusuo Julius Caesar, mfasiri akiwa Mwalimu Julius Nyerere. Mchezo huo ulipokuwa mpya, mwezi Septemba 1599, msafiri wa Uswisi aliyeitwa Thomas Platter aliona London mchezo juu ya Julius Caesar, ambao wataalamu wengi wanaamini kuwa ndio huo. Platter aliandika habari za bei. Aliyekubali kusimama chini alilipa peni moja. Aliyetaka kukaa aliingia kwa mlango wa pili, akalipa peni nyingine. Aliyetaka kukalia mto, mahali ambapo angeona vizuri na yeye mwenyewe angeonekana, alipita mlango wa tatu akalipa peni ya tatu.

Maneno hayo, kwamba mtu alilipa ili naye aonekane, yana uzito. Katika majumba ya michezo ya siku zile palikuwa na vyumba vya mabwana, vilivyokuwa juu ya jukwaa, upande wa nyuma ya wachezaji. Waliokaa humo walilipa zaidi kuliko maskini waliosimama uani, na mara nyingi waliona visogo vya wachezaji. Walinunua heshima, si mandhari. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba bei ya kiti haiendi sikuzote na wema wa kiti. Mara nyingi hupima cheo cha anayekikalia.

Ngoma yapanda jukwaani

Wakati wa ukoloni ngoma zetu zilidharauliwa. Wamisionari wengi waliwakataza waumini wao kuzicheza, na mijini Wazungu walijenga majumba yao ya michezo kwa ajili yao wenyewe na kwa lugha yao. Kwa sababu hiyo hotuba ya Mwalimu Nyerere katika Bunge tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ilipokewa kwa furaha kubwa. Mwaka 1963 kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Ngoma za makabila mbalimbali zilikusanywa, zikafundishwa kwa vijana wasiokuwa wa makabila hayo, zikaonyeshwa kwa taifa zima na kwa wageni.

Kutoka Ugogo alikuja Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doyo, bingwa wa ilimba na zeze. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Baada ya vikundi vya taifa kuvunjwa, Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1981, na Zawose alifanya kazi na kuishi huko. Aliunda ilimba kubwa zenye vijiti vingi kuliko zile za wazee wake, na katika miaka iliyofuata alizunguka Ulaya na kwingineko akiimba Kigogo mbele ya watu waliokata tiketi, mpaka alipofariki mwaka 2003. Kwa kazi yake dunia iliujua Ugogo.

Faida hii isibezwe. Mwanafunzi wa Kagera au wa Mtwara, ambaye asingeliona muheme maisha yake yote, aliuona. Lakini kila faida ina gharama yake, na hapa gharama zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni muda. Ngoma iliyochezwa usiku kucha ilipunguzwa ikawa ya dakika chache, maana baada yake palikuwa na ngoma nyingine ya kabila jingine. Ya pili ni upande. Jukwaa lina mbele na nyuma. Duara likafunguliwa, wachezaji wakapangwa safu, nyuso zote zikaelekea upande mmoja. Hapo ndipo kiti kibaya kilipozaliwa. Tangu siku hiyo aliye pembeni huona mabega, na aliye nyuma ya nguzo husikia tu, na hawezi kuhama kwa sababu kiti chake kina namba. Katika sherehe za kitaifa jambo hili huonekana wazi zaidi. Kikundi huingia kiwanjani kikacheza kikilielekea jukwaa kuu aliko mgeni rasmi, na maelfu ya wananchi waliokaa upande wa pili juani hutazama migongo. Hawakulipa kitu, lakini wamepewa kiti cha kuona nusu katika ngoma ya nyumbani kwao.

Gharama ya tatu ni maana. Katika miaka ya 1980, hali ya uchumi ilipokuwa ngumu, vilistawi vikundi vya sanaa vilivyojitegemea kwa viingilio, kama Muungano kilichoanzishwa mwaka 1980. Vilicheza katika baa na kumbi za mijini. Kwa kiingilio kimoja mtu aliona ngoma, sarakasi, vichekesho, taarabu na maigizo kwa saa nyingi. Kazi hiyo iliwapa wasanii riziki, nao walikuwa na haki ya kula jasho lao. Lakini anayeishi kwa kiingilio hulazimika kumpendeza anayelipa. Sindimba ya Wamakonde ni mfano unaojulikana sana: kilichokuwa sehemu ya mafunzo kiligeuzwa kuwa mtikisiko wa viuno, kwa kuwa ndicho kilichoshangiliwa. Muheme nao, ukitengwa na mafunzo ya wasichana, hubaki kuwa wanawake wapigao ngoma kwa ustadi, jambo la kupendeza macho. Lakini mtazamaji haambiwi ni nani anayefundwa, wala anafundwa nini.

Njia nyingine

Historia ya nyanda hizi haituachi bila mfano wa njia nyingine. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 katika sehemu za Ihumwa, Dodoma, na aliyeandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichochapishwa mwaka 1954, ndiye aliyezianzisha ngonjera. Huu ni ushairi wa majibizano, unaosemwa kwa vitendo mbele ya watu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilienea nchi nzima. Hazikuhitaji pazia wala taa. Wanafunzi wawili na uwanja wa shule vilitosha, na mzazi aliyetoka shambani alisimama akasikiliza bila kuulizwa tiketi. Mnyampala alifariki mwaka 1969, lakini chombo alichokitengeneza kiliwafikia wengi ambao jumba la michezo halikuwafikia.

Mfano wa pili ni wa huko Malya, mkoani Mwanza, ambako katika miaka ya 1982 na 1983 wasanii na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama akiwa miongoni mwao, walikaa na wanakijiji, wakayachunguza matatizo yao pamoja, wakayatungia ngoma na maigizo. Mtazamaji akawa mtungaji na mchezaji. Na huko Ugogo kwenyewe, tangu mwaka 2009, pamekuwa na tamasha la muziki wa Kigogo kijijini Chamwino, ambapo vikundi vya vijijini huja kucheza mbele ya watu waijuao lugha ya nyimbo na wawezao kucheka mahali panapochekesha.

Tamati

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Serikali ilianza kuhamia huko kwa wingi mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Jiji huhitaji kumbi, na kumbi huhitaji fedha za kuziendesha. Hapana ubaya msanii akilipwa. Njaa haijapata kuilea sanaa yoyote, na Wagogo, waliokuwa wakiahirisha ngoma mwaka wa mavuno mabaya, walilijua hilo kuliko wengi. Lakini wanaojenga ukumbi huamua mambo mawili kwa pamoja: bei ya mlangoni na umbo la viti. Wakikosea yote mawili, siku itafika ambapo muheme utachezwa katikati ya Ugogo, na mama aliyeupiga ujanani mwake atausikia kutoka nje ya ukuta.

Walimu wanaweza kuanza kulifundisha jambo hili bila gharama. Wanafunzi wacheze ngoma moja mara mbili: mara ya kwanza jukwaani, watazamaji wakikaa safu mbele yao, mara ya pili uwanjani, watazamaji wakiwazunguka. Kisha kila mmoja aandike alichokiona kutoka mahali alipokuwa, na kama alipata nafasi ya kumtunza mchezaji. Wakisomeana majibu yao watatambua kwamba ngoma ilikuwa ile ile, wala haikuwa ile ile.