Ifahamu kazi ya diwani katika Kamati ya Elimu, Afya na Maji

WANANCHI wengi humpima diwani wao kwa barabara na madaraja, lakini sehemu kubwa ya kazi yake inayogusa afya zao hufanyika ndani ya vikao vya kamati.

Serikali za mitaa Tanzania Bara, zilizofutwa mwaka 1972, zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Katika halmashauri za wilaya, masuala ya tiba, kinga na lishe hupitia Kamati ya Elimu, Afya na Maji, ambayo wajumbe wake ni madiwani.

Kamati hupokea taarifa za utekelezaji kutoka kwa wataalamu, akiwemo Mganga Mkuu, kuhusu dawa, watumishi, chanjo na majengo. Baada ya mjadala, mapendekezo yake hupelekwa kwenye Baraza la Madiwani kwa uamuzi. Diwani naye huwasilisha kero zilizojadiliwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti.

Hata hivyo, mamlaka ya kamati yana mipaka. Mishahara hutoka Serikali Kuu na, tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za uendeshaji hutoka Hazina moja kwa moja hadi kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya. Nguvu ya diwani imebaki zaidi katika mapato ya ndani na usimamizi.

Mfano ulio wazi ni lishe. Mwaka 2010, watoto 42 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa na udumavu. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa idadi hiyo imeshuka hadi 30.

Ili kukabiliana na tatizo hilo, Serikali iliagiza kila halmashauri itenge Sh1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto wa umri huo. Hivyo, halmashauri yenye watoto 40,000 hupaswa kutenga Sh40 milioni kwa mwaka.

Kutenga ni jambo moja na kutoa ni jingine. Fedha iliyoandikwa katika bajeti inaweza isimfikie mtoto hata mmoja iwapo makusanyo yatapelekwa kwingine.

Hapo ndipo diwani hutakiwa kuhoji kiasi kilichotengwa, kilichotolewa na mahali kilipotumika. Wakati nao una uzito: taarifa ya Julai hadi Septemba huacha nafasi ya kurekebisha, ilhali ile ya robo ya nne hufika mwaka wa fedha ukiwa umekwisha fungwa Juni 30.

Vikao vya Baraza la Madiwani huwa wazi kwa wananchi, nao wanayo haki ya kumuuliza diwani wao tarakimu hizo.